California 1880: mjumbe waliyemkata kalamu

Katika majedwali ya kura za urais wa Marekani ninayoyapekua kila siku, California ya mwaka 1880 imekaa kama jino lililopinda: Hancock 5, Garfield 1. Jimbo lilikuwa na wajumbe 6, yaani watu wanaochaguliwa na wapiga kura ili wao ndio wamchague rais. Winfield Scott Hancock wa chama cha Democratic alimpita James Garfield wa Republican kwa kura zisizofika 200, kati ya zaidi ya 160,000 zilizopigwa. Chembamba, lakini ni ushindi. Mbona basi hakuzoa wajumbe wote sita?

Jibu liko kwenye karatasi. Wakati huo serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha tiketi yake na kuwagawia watu. Na aliyetumbukiza tiketi ya Hancock, kisheria hakumpigia Hancock. Aliwapigia wajumbe sita waliotajwa pale, na kila mmoja alihesabiwa kura zake peke yake. Kama humtaki mmoja wao, unampitishia kalamu, basi.

Mmoja wa wale sita wa Democratic aliitwa David Terry. Wakalifornia walimjua vizuri mno. Septemba 1859, akiwa ndiyo kwanza ameacha ujaji mkuu wa jimbo, alipambana kwa bastola na Seneta David Broderick karibu na San Francisco. Broderick alikufa siku tatu baadaye. Naye alikuwa Democratic vilevile, ila wa mrengo uliopinga utumwa. Terry alikuwa wa upande wa Kusini, uliotetea utumwa. Miaka 21 ikapita, marafiki wa Broderick hawakusahau. Walipiga kura ya chama chao, wakamkata Terry. Kwa pengo jembamba vile, waliomkata hawakuhitaji kuwa wengi: Terry alianguka, na mjumbe mmoja wa Republican akapenya.

Wengi wanaoeleza uchaguzi huu huanzia kwenye barua ya Morey, na sina ugomvi nao. Oktoba 1880 gazeti moja la New York lilichapisha barua iliyodaiwa Garfield alimwandikia mtu aitwaye Morey, ikiunga mkono waajiri kuleta vibarua wa Kichina. Ilikuwa ya kughushi, lakini katika jimbo lililokuwa linachemka kwa chuki dhidi ya Wachina, kukanusha hakukutosha. Barua inasaidia kueleza kwa nini Hancock aliongoza. Ile 1 haiielezi hata kidogo.

Kitaifa haikubadili kitu. Garfield alishinda kwa wajumbe 214 dhidi ya 155. California ilianza kutumia karatasi za kura ya siri zilizochapishwa na serikali mwaka 1891, lakini wajumbe waliendelea kupigiwa kura mmoja mmoja. Mwaka 1892 jimbo likatoa wajumbe 8 kwa Cleveland wa Democratic na 1 kwa Harrison wa Republican. Mwaka 1896, 8 kwa McKinley wa Republican na 1 kwa Bryan wa Democratic.