Active kwenda passive: ukishika "be" umemaliza nusu ya kazi

Kuna swali haliishi kwenye Kiingereza, iwe darasa la saba iwe fomu foo, unapewa sentensi alafu unaambiwa change into passive voice. Na madogo wengi hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, wanalijibu kwa kukariri lile jedwali refu la nyakati 12, kulia active kushoto passive, siku ya mtihani mstari mmoja ukifutika kichwani basi na maksi zimeenda. Jedwali sio baya ila linachosha bure, kwa sababu ndani yake kuna kitu kimoja tu kinajirudia.

Tuanze na maana. Active ni pale mtendaji anakaa mbele, "The fisherman repaired the boat", mvuvi alitengeneza mtumbwi, kwa hiyo wa kwanza kumsikia ni mvuvi. Passive ni pale kilichotendewa kinavutwa mbele, "The boat was repaired by the fisherman", au hata unaishia "The boat was repaired" na mvuvi humtaji kabisa. Tukio ni lile lile na mtumbwi ni ule ule, aliyetangulia ndo kabadilika. Kwenye Kiswahili kazi hii tunaifanya kwa kuchomeka w tu, tengeneza inakuwa tengenezwa, vua inakuwa vuliwa, uza inakuwa uzwa, imeisha hiyo. Kiingereza w hakina. Chenyewe kinamuita be, yule anayejigeuza kuwa is, are, was, were, been na being, kinamuweka mbele, alafu kitenzi chenyewe kinapelekwa kolamu ya tatu, ile ya go went gone, write wrote written.

Sasa kitu cha kushika ni hiki: be ndo anabeba muda wote wa sentensi. Kitenzi kikuu kikishafika kolamu ya tatu kinakaa hapo hapo, iwe jana, leo au kesho, hakibadiliki tena. Chochote ambacho kitenzi cha mwanzo kilikuwa nacho, be anakirithi. Kama kilikuwa cha jana, be anakuwa was au were, kama kilikuwa na ing, be anachukua hiyo ing anakuwa being, kama kilikuwa kimekaa baada ya has, have au had basi be anakuwa been, kama mbele yake kulikuwa na will, can au must, be anabaki be mtupu.

Tuifanye moja taratibu. "The fisherman is mending the nets." Nenda mwalo wowote saa za mchana utamuona huyu mtu, kakaa kivulini na nyavu miguuni anashona palipochanika. Nani anatenda? The fisherman. Kinachotendewa? The nets, hizo zinakuja mbele. Kitenzi ni is mending, kina ing, kwa hiyo be anakuwa being, na being hakai peke yake, anataka is au are mbele yake. Hapa ndo wengi wanateleza, wanaichukua ile is ya mwanzo kama ilivyo wanaandika "The nets is being mended". Ile is ilikuwa ya mvuvi mmoja, saivi waliokaa mbele ni nets na ziko nyingi, kwa hiyo ni are. Mend kolamu ya tatu ni mended. Jibu: "The nets are being mended by the fisherman." Ukiielewa hiyo moja, zilizobaki zinakuja zenyewe, "She sells the fish" inakuwa "The fish is sold", "She has sold the fish" inakuwa "The fish has been sold", "She will sell the fish" inakuwa "The fish will be sold". Zile ndefu za have been mending achana nazo, hakuna mtu mtaani anaongea have been being mended.

Viwakilishi navyo viangalie. "They arrested him" haiwi "Him was arrested", inakuwa "He was arrested", kwa sababu akija mbele anabadilika kutoka him kuwa he, na yule wa mwanzo akirudi nyuma ya by anakuwa me, her, us, them. Na kama mtendaji ni someone, people au they isiyojulikana ni akina nani, usihangaike kuandika by someone, haina inachoongeza, kata.

Kuna vitenzi ambavyo ukivilazimisha kwenda passive vinagoma. Sababu ni nyepesi, passive inahitaji kitu cha kuvuta mbele, sasa kama hakuna kilichotendewa unavuta nini? Sleep, arrive, die, happen, hivi haviendi. "The ferry arrived at six", kivuko kimefika saa kumi na mbili, hakuna aliyefanywa kitu hapo. Cost nayo ni ya kuangalia, "The bridge cost a lot of money" ina kitu nyuma ya kitenzi lakini passive haiendi, sawa na have ya kumiliki na resemble. Alafu kuna sink ambayo inakaa pande zote mbili. "MV Bukoba sank in 1996" ni active na inajitosheleza, meli ilizama. Ukiandika "was sunk" umeshabadilisha habari, unasema kuna mtu au kitu kiliizamisha, na ukiandika "was sank" ndo huko kwingine kabisa maana sank ni kolamu ya pili.

Shida kubwa ya sisi waongeaji wa Kiswahili kwa maoni yangu inatokea hapa. Kiswahili kina uhuru mkubwa sana wa kutendwa, mpaka kufa tunaifanya fiwa. "Nimefiwa na baba", ukiipeleka neno kwa neno unapata "I have been died by my father", kitu ambacho Mwingereza atakaa anakushangaa, yeye anasema "I have lost my father", active kabisa. "Nilinyeshewa" tunayo, wao wanasema "I was rained on", na hiyo on ukiisahau sentensi inakufa. Lakini inayoongoza ni ya simu. "Nimeibiwa simu" watu wanaandika "I have been stolen my phone", maana yake kama ina maana yoyote ni kwamba wewe ndo umeibwa! Kilichoibwa ni simu, kwa hiyo simu ndo inakaa mbele, "My phone has been stolen". Ukitaka wewe ukae mbele badilisha kitenzi, tumia rob, "I have been robbed of my phone", kwa sababu kwa Kiingereza steal inafuata mali na rob inafuata mtu.

Ila kuna vitenzi vyenye vitu viwili nyuma, mtu na kitu, kama give, send, show, hivyo vinakuruhusu kuchagua. "My aunt sent me some fish" inaweza kuwa "I was sent some fish by my aunt" au "Some fish was sent to me by my aunt". Zote sahihi, ya kwanza ndo inaongeleka zaidi, ila kama mtihani umekupa neno la kuanzia basi fuata neno hilo. Name nayo ina kamtego kake. Speke, yule mzungu mpelelezi kutoka Uingereza, alifika huku Mwanza Agosti 1858 akaliona ziwa akalipa jina la malkia wake, "Speke named the lake Victoria". Kinachokuja mbele ni the lake, Victoria anabaki nyuma ya kitenzi: "The lake was named Victoria by Speke."

Na hapo hapo utaona passive inatumika kufanya nini. Ukisoma "The lake was discovered in 1858" jiulize by who, maana Wasukuma na Wakerewe walikuwa wanakula samaki wa hapo miaka mingi kabla. Passive inakuruhusu kumficha mtendaji, ndo maana barua za ofisini zinaipenda, "Your application has been received", nani kaipokea na kaiweka droo gani hujui. Lakini sio kila mara ni ujanja. "Nile perch was introduced into Lake Victoria in the 1950s" ni sentensi nzuri tu, habari ni sangara, aliyemmwaga majini tutamtafuta kwenye sentensi nyingine.

Maswali yanatisha bure. "Did the police stop the daladala?" hiyo did inaondoka kabisa, was inachukua nafasi yake, "Was the daladala stopped by the police?" Likianza na who, kama "Who opened the gate?", walimu wengi wanapenda "By whom was the gate opened?" Amri nayo inaanza na let, "Close the door" inakuwa "Let the door be closed", ni Kiingereza cha darasani zaidi, mtu akitaka mlango ufungwe haongei hivyo.

Make ina tabia yake. "The teacher made us sweep the classroom" kwenye active haina to, ukigeuza to inatokea, "We were made to sweep the classroom". Vitenzi vyenye mkia, kama look after, mkia hauachwi, "The baby was looked after by her grandmother". Na sio kila kitu ni by, by ni ya mtendaji, with ni ya kifaa: "The fish was cut with a knife", kisu hakijikatii chenyewe.

Ukipewa swali kinyume, passive kwenda active, na mtendaji hayupo, itabidi umtafute mwenyewe kwa akili ya kawaida. "He was arrested last night" weka the police, hao ndo wanaokamata. "The phone was stolen at Buzuruga" stendi watu ni wengi, weka someone: "Someone stole the phone at Buzuruga."