Masimango ya utotoni na maradhi ya ulaji ukubwani

Kumsimanga mtu ni kumhesabia ulichompa, na mara nyingi kinachohesabiwa ni chakula. Mtoto wa kulelewa yuko Ngamiani, Tanga, kwa shangazi yake, wamezunguka sinia la wali na samaki wa nazi. Ndiyo kwanza anamega. "Punguza tonge, hapa si kwa baba yako." Wenzake wanacheka. Anasema ameshiba, anaenda kunawa.

Likisemwa mara moja, limepita. Likiwa ndiyo desturi ya nyumba, pamoja na matusi, vitisho vya kufukuzwa na kununiwa siku nzima, huo ni ukatili wa kihisia. Hauachi kovu la kuonekana, ndiyo maana aliyeupitia hukua akisema, "Mimi sikupigwa." Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, takriban robo ya vijana waliohojiwa walisema walifanyiwa ukatili huo wa kihisia na mtu mzima kabla ya kufika miaka 18.

Maradhi ya ulaji nayo hayana sura moja. Yupo anayejinyima mpaka anakondeana na bado anajiona mnene (anoreksia). Yupo anayebugia kisha akajitapisha (bulimia). Na yupo anayebugia tu, ashindwe kujizuia. Huyu tunamwita mlafi, yamekwisha.

Daktari Vincent Felitti wa San Diego, Marekani, alikuwa na kliniki ya wanene miaka ya 1980. Kilichomshangaza ni kwamba waliokuwa wakipungua vizuri ndio waliotoroka matibabu. Alipowahoji, wengi walikuwa wameteswa utotoni. Kumbe kwao chakula kilikuwa dawa. Mwaka 1998 yeye na Robert Anda wakatoa utafiti mkubwa kuhusu madhila ya utotoni na afya ya ukubwani, matusi na kudhalilishwa vikiwemo.

Inakuwaje? Mtoto anayeambiwa "acha kudeka" kila akilia hajifunzi kuutaja uchungu wala kuutuliza. Ukubwani uchungu ukija, anakimbilia sufuria, au anafunga mdomo kabisa, maana mdomo wake ndicho kitu pekee anachokitawala. Shangazi huenda alishafariki zamani. Sasa mtu anajisimanga mwenyewe. Harusini hagusi biriani, mashoga zake wanamsifu kwa kujitunza. Saa nane usiku yuko jikoni gizani, amesimama, anakula ubwabwa wa baridi kwa mkono, sikio liko mlangoni. Wengine hujificha nyuma ya saumu za Jumatatu na Alhamisi. Sisemi funga ni ugonjwa. Nasema inafunika vizuri, nani atamuuliza mtu aliyefunga?

Si kila aliyesimangwa huugua, na wapo wanaougua waliolelewa kwa mapenzi. Kurithi nako kumo. Lakini tiba ipo, hasa ya mazungumzo na mtaalamu, na anayejitapisha asisubiri: kutapika hupunguza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, na ikishuka mwilini mapigo ya moyo huvurugika.

Tatizo ni kwamba akifika hospitali atasema ana vidonda vya tumbo. Daktari mzoefu atamwomba afungue kinywa aone meno, kwa sababu asidi ya matapishi huyala, kisha atauliza taratibu: kwenu mlikuwa mnakulaje?