Kabla ya kusema rekodi ni mbovu: dhana potofu za wasikilizaji wa muziki wa klasiki Mtwara na Lindi

Kwa wengi wa Mtwara na Lindi wanaopenda muziki wa klasiki, mlango wa kuingilia ulikuwa kwaya: nota za solfa ubaoni, sauti nne, na Haleluya ya Handel. Kutoka hapo mtu anatafuta rekodi, anaiweka kwenye simu au memori kadi, anaichomeka kwenye sabufa ya sebuleni, na malalamiko yanaanza. Sauti ndogo. Ala hazisikiki. Kuna mtu anaguna ndani. Mara nyingi rekodi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kifaa, chumbani, au kwenye namna faili lilivyokatwa. Inauma kuona kazi nzuri inafutwa kwenye simu kwa sababu ya kitufe kimoja cha besi.

“Inaanza kwa sauti ndogo mno, imerekodiwa vibaya”

Dhana hii hufukuza wasikilizaji wapya kuliko nyingine zote. Chukua Boléro, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Ravel, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928. Inaanza na ngoma ndogo inayogongwa kwa vijiti taratibu sana, nyuzi zikidonolewa chini yake, kisha filimbi moja. Mwendo ni uleule kwa robo saa hivi nzima. Kinachobadilika ni ala zinazoongezeka na sauti inayopanda, hadi mwishoni okestra yote inanguruma. Fundi wa sauti akiupandisha mwanzo, kazi yote imekufa. Bongo fleva na singeli hutengenezwa kinyume chake: sauti hubanwa ili pa chini na pa juu pakaribiane, wimbo usikike ndani ya bajaji na katikati ya kelele za soko. Ukitoka kwenye singeli ukaingia Boléro bila kugusa kitufe, dakika mbili za mwanzo utadhani spika imekata.

Linaloharibika ni hili: mtu anapandisha sauti hadi mwisho ili aisikie filimbi, kisha baadaye tarumbeta na tromboni zinamrukia na spika inakoroma. Fanya kinyume. Ruka kwanza hadi dakika ya mwisho, weka sauti mahali ambapo kishindo kinasikika vizuri bila spika kukwaruza, halafu rudi mwanzo na usiguse tena. Zima feni kama joto linaruhusu, funga dirisha la upande wa barabara. Mvua ya Januari juu ya bati inaifunika nusu ya kwanza yote. Siku hiyo tumia hedifoni za kufunika masikio, au sikiliza kitu kingine.

Sabufa nayo ina lake. Imetengenezwa kupandisha besi, na kwa chelo na kontrabasi, ala za nyuzi zenye sauti nzito, hilo ni balaa: nota zinageuka mvumo mmoja usiojulikana umeanzia wapi. Waya wa chini kabisa wa kontrabasi hutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya bluetooth haiwezi kufika huko, na sabufa inafika kwa kuzidisha. Punguza kitufe cha besi hadi nusu au chini yake, zima mipangilio ya ikwalaiza yenye majina kama “rock” na “pop”, na uliondoe boksi kwenye kona ya chumba, maana kona yenyewe huongeza besi. Spika mbili ndogo zisikae juu ya boksi zikiwa zimebanana. Ziachanishe kama mita mbili, usawa wa masikio, nawe ukae mbele ukitengeneza nazo pembetatu. Hapo ndipo utagundua kwamba vayolini za kwanza ziko kushoto kwako. Kwa baadhi ya waongozaji okestra, Carlos Kleiber akiwemo, vayolini za pili hukaa kulia, zikijibizana na wenzao okestra ikiwa katikati. Kwenye spika moja jambo hilo lote linapotea.

“Rekodi imepunguzwa kasi, haikubaliani na kinanda”

Mwalimu wa kwaya anafungua rekodi ya Messiah, kazi ya Handel yenye Haleluya ndani yake, ili wanakwaya wafuatishe Haleluya. Anabonyeza D kwenye kinanda, na rekodi iko chini yake. Anahisi faili limeharibika, au aliyelipakia amelichezea. Sivyo. Kinanda cha umeme hupangwa nota A iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Rekodi nyingi zinazotumia ala za zama za Handel hupangwa kwa 415, ambayo ni nusu toni chini. Kwa hiyo D ya rekodi inakaa kwenye kile kitufe cheusi kilicho kushoto mwa D yako. Weka transpozi ya kinanda, yaani kitufe cha kuhamisha nota juu au chini, kwenye -1, piga D yako kama kawaida, na vitu vyote vitakutana. Usijaribu kuiongezea rekodi kasi kwa programu ya simu, utaharibu mwendo kwa kutafuta sauti.

Hakuna namba moja iliyoteremka kutoka mbinguni. Okestra za Vienna leo hucheza juu kidogo ya 440. Wapiga ngoma wa Kimakonde wanalielewa jambo hili bila kuhesabu mitetemo: ngoma hupashwa kwenye moto wa nyasi ngozi ikaze kabla ya kuanza, kwa sababu unyevu wa usiku umeilegeza.

Tukiwa hapohapo kwenye Messiah, wapo wanaodhani rekodi yenye kwaya ndogo ni ya watu waliokosa fedha za kukodi kwaya kubwa. Kazi hiyo ilitolewa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na waimbaji walitoka kwaya za makanisa makuu mawili ya mji huo, kundi dogo. Kwaya za maelfu zilikuja karne iliyofuata, kwenye jengo la Crystal Palace huko London. Rekodi ya kwaya ndogo inafaa zaidi kujifunzia, maana tenor na alto wanasikika kila mmoja kwa njia yake.

“Kila kazi ina rekodi moja iliyo bora, nyingine ni nakala tu”

Swali “ipi ndiyo yenyewe?” linaulizwa sana, na jibu lake zuri ni kuweka mbili kando kwa kando. Hakuna mfano mzuri kuliko Goldberg Variations za Bach, BWV 988 (namba yake katika orodha ya kazi za Bach), zilizochapishwa 1741: wimbo mmoja wa polepole, kisha miundo 30 juu ya besi yake, kisha wimbo uleule tena. Mpiga piano Glenn Gould alizirekodi 1955 akiwa kijana, na akazirekodi upya 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Ile ya kwanza ni dakika 38 hivi. Ya pili ni 51 hivi. Nota ni zilezile, mtu yuleyule.

Sikiliza ule wimbo wa mwanzo peke yake. Mwaka 1955 unakwisha kabla ya dakika 2 kutimia, mwepesi, kama mtu anayefahamu njia na ana haraka ya kufika kunakochezwa. Mwaka 1981 unachukua dakika 3 na zaidi kidogo. Kila nota inaachwa isikike hadi karibu kufifia ndipo nyingine ianguke. Sehemu ya tofauti ya muda inatokana na marudio: kila muundo una nusu mbili ambazo Bach ameziwekea alama ya kurudia. Gould aliziruka zote 1955, akarudia baadhi 1981. Iliyobaki ni mawazo ya mtu aliyebadilika. Ukiwa na hizo mbili umejifunza mengi kuliko mwenye rekodi kumi za kazi kumi. Kama una nafasi ya moja tu, anza na ya 1981. Utaielewa kasi ya 1955 vizuri zaidi baadaye.

Na yule mtu anayeguna ndani ni Gould mwenyewe, akiimba huku anacheza. Usitafute faili lingine.

“Rekodi za zamani zina mkwaruzo, hazina faida”

Mcheza chelo Pablo Casals alirekodi suti sita za chelo za Bach, yaani mafungu sita ya vipande vya muziki, kati ya 1936 na 1939, London na Paris, kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri hizo ulibeba dakika nne na ushei tu, kisha mchezaji anasimama. Mkwaruzo unaousikia ni wa ngozi ya santuri yenyewe, si wa chelo. Matoleo mengine yamesafishwa kwa kompyuta hadi kukawa kimya, na hapo ndipo mtego ulipo: sehemu ya juu ya sauti ya chelo, ule msuguano wa upinde kwenye waya, iko masafa yaleyale na mkwaruzo. Ukifuta kimoja umefuta na kingine, na chelo inabaki kama mtu anayesema akiwa amefunikwa shuka. Chagua toleo lililoacha mkwaruzo kidogo. Baada ya dakika kumi sikio linauzoea.

Kelele nyingine ni za jengo. Mcheza chelo Jacqueline du Pré alirekodi konseto ya chelo ya Elgar, yaani kazi ya chelo moja ikiwa na okestra, mwaka 1965 Kingsway Hall, London, ukumbi uliosifiwa sana kwa mwangwi wake lakini wenye treni za chini ya ardhi zilizopita karibu. Mvumo wa treni hizo umo kwenye rekodi nyingi zilizofanyiwa humo. Kwenye sabufa yenye besi juu, mvumo huo huonekana kama spika iliyochanika, na watu wamewahi kubadilisha spika nzima kwa ajili yake.

“Santuri ina ubora kuliko CD daima”

CD, iliyoingia sokoni 1982, huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, zinazotosha kubeba sauti hadi mitetemo 22,000 hivi. Sikio la kijana huishia karibu 20,000, la mzee chini ya hapo. Santuri ya mizunguko 33 ina udhaifu unaoumiza muziki huu hasa: sindano ikielekea katikati, njia inayopita chini yake kwa kila sekunde inapungua hadi chini ya nusu ya ile ya ukingoni, na sauti inaanza kukwaruza. Na kishindo cha Boléro kinaangukia wapi? Palepale katikati.

Huku pwani kuna adui mwingine, ukungu. Usisafishe santuri kwa maji ya bomba au ya kisima, yanaacha chumvi ndani ya mifereji. Tumia maji ya betri yasiyo na asidi, yaani yaliyokenekwa (distilled water), na kitambaa laini ukifuata mzunguko. Santuri za 78 zisiguswe na spiriti kamwe, nyingi zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka ndani yake. CD ni kinyume: futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, na linda zaidi upande wenye maandishi, kwa sababu data imelala chini ya rangi hiyo, ilhali upande unaong’aa una plastiki ya zaidi ya milimita moja juu yake. Zote zisimamishwe wima, zisilazwe.

“Kusikiliza mtandaoni kunakula bando”

Kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 144. Simfonia ya Tano ya Beethoven ya Kleiber na Vienna Philharmonic, iliyorekodiwa 1974, ni dakika 33 hivi, basi megabaiti 80. Pakua mara moja, sikiliza mwaka mzima. Unapoitafuta usiandike “Beethoven” tu. Andika mtunzi, namba ya kazi, mwongozaji na mwaka: Beethoven Op. 67 Kleiber 1974.

Kisha angalia jambo moja kwenye mipangilio ya programu. Sehemu ya tatu ya simfonia hiyo haina mwisho: nyuzi zinashusha pumzi, timpani, ngoma kubwa ya okestra, inagonga nota moja kwa sauti ya chini kabisa, vayolini zinapanda polepole juu yake, na bila kusimama okestra nzima inalipuka kwenye sehemu ya nne. Faili ni mawili, na programu nyingi huweka kimya kidogo kati yao. Zima uchezaji wa kuchanganya, washa ule wa kuunganisha nyimbo bila pengo, na weka sekunde za kufifisha ziwe 0. Jaribu kwa mpito huohuo: ukisikia kimya hata cha nusu sekunde kabla ya tromboni, programu bado haijakaa sawa.