Eti "hakusema neno baya hata moja"

Jana tena. Nimekaa zangu barazani baada ya laasiri, kahawa chungu mkononi, akaja bwana mmoja msomi tu, akaanza kunisomesha kuhusu kesi ya jirani yake aliyeshtakiwa kwa matusi, eti haina kichwa wala miguu manake "hakusema neno baya hata moja maalim, nionyeshe neno moja la nguoni". Nikanyamaza kwa heshima ya kahawa. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, mwaka wa 19 huu, kwetu Lamu na kazi Malindi, na hio sentensi nishaisikia kwa washtakiwa, kwa polisi, kwa mawakili, na kwa shangazi yangu mwenyewe, huyo tutamrudia. Sasa naandika mara moja, mtu akinambia tena namtumia linki naendelea na kahawa yangu.

Sheria niipite mbio. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataka iwe mahali pa umma ama penye mkusanyiko, na maneno yawe ya kutisha, ya matusi au ya kudharau, kwa nia ya kuchokoza vurugu ama yawe yaelekea kuleta vurugu. Kifungo ni miezi 6. Neno "chafu" halimo, tafuta mpaka kesho. Kwa hivo mtu aweza kukutukana kwa lugha tamu iliyopambwa pale sokoni ukamshtaki, na akakutukana matusi ya nguoni chumbani nyinyi wawili hio 94 isikusaidie kitu. Kashfa kama kosa la jinai, ile 194, Mahakama Kuu iliitupa 2017, sasa hio unaenda kudai fidia. Na tafadhali msimsumbue kadhi, Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, hata kama Suratun Nur aya ya 4 imetaja viboko 80 kwa mwenye kumsingizia mwanamke mwema zinaa bila mashahidi wanne. Kadhi atakusikiliza kama mzee wa mtaa bas.

Haya, tuje kwenye kinachonikera.

Zamani kidogo kulikuwa na wavuvi wawili wamegombana juu ya mashine ya boti. Mmoja akamwambia mwenzake, mbele ya watu, sauti ya chini kabisa, "Nenda kamuulize mamako babako ni nani." Mwenzake akamwendea na kisu cha kupasulia samaki. Yule wa maneno alipona, alhamdulillahi. Sasa wa kisu ndio yuko kizimbani, na wakili wake anataka hakimu aone kwamba alichokozwa, na mimi kiapo changu ni kutafsiri vile ilivyosemwa, nisiongeze nisipunguze. Nikatafsiri. Kwa Kiingereza likatoka swali. Swali zuri tu, kama la karani wa vitambulisho. Kiongozi wa mashtaka akasimama, "Mheshimiwa, hilo ni swali." Na kule nyuma benchi nzima ya watu wa hapahapa walikuwa washavuta pumzi kwa pamoja nilipolitamka kwa Kiswahili, hakimu akawaangalia, hakuelewa kwanini wamevuta pumzi, na sina ruhusa ya kutafsiri pumzi.

Hesabu maneno. Nenda, uliza, mama, baba, nani. Lipi chafu hapo? Na huyo mtu ameambiwa mwanaharamu, mamake ameambiwa malaya, babake ameambiwa bwege, ukoo mzima umepigwa na kofi moja, tena pwani hii ambapo mtu anataja babu saba kabla hajamaliza chai. Kifungu cha 208 kinasema uchokozi ni kitendo kisicho halali au tusi la kuweza kumtoa mtu wa kawaida kwenye kujizuia kwake. Mtu wa kawaida wa wapi? Hakimu alikuwa mtu wa bara, mtu mwema kweli, na kwake mtu wa kawaida akiulizwa babake ni nani anajibu jina.

Halafu ngeli. Hapa naomba subira manake hapa ndio watu hunikatiza. Mnakumbuka shuleni tulivyofundishwa kipofu, kiziwi, kijana, kiongozi, yote yana ki- mbele lakini tunasema kipofu huyu amekuja, kiongozi wetu amesema, kwa sababu ni mtu na mtu anaenda na a-. Sasa mchukue mama mmoja amekasirika, anaongea na shoga yake kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya kichochoro: "Kizee kimeamka. Kimetoka nje. Kimekaa." Kuna tusi gani kuamka? Neno lenyewe kizee halina neno, sema "kizee ameamka" hakuna atakayegeuka. Lakini hio ki- ya kwenye kitendo imemtoa bibi wa watu kwenye ngeli ya binadamu ikamuweka na viti na vijiko. Silabi moja! Na aweza kuenda upande wa pili akamfanya jizee limeamka, hapo amekuwa kubwa na bado si mtu. Mimi nasema, na walimu wa lugha wanikosoe wakitaka, hili ndilo tusi kali kuliko yote tuliyo nayo na halimo kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa sababu watu wakitafuta matusi wanatafuta nomino, wanapekua majina ya viungo vya mwili kama daktari, kumbe tusi liko kwenye kiambishi.

Kulitafsiri hilo ni adhabu. Kiingereza hakina ngeli. Siku moja nilimwambia hakimu, "Mheshimiwa, amemzungumzia kama kitu." Wakili wa upande wa pili akaruka, mkalimani anatoa ushahidi! Na alikuwa na haki yake. Nikieleza, nimekuwa shahidi bila kuapa ushahidi. Nisipoeleza, rekodi inabaki na bibi aliyeamka, akatoka nje, akakaa.

Kuna na upande mwingine, ule wa neno chafu ambalo si tusi. Nenda pwani pale boti zinapofunga asubuhi usikie vijana wanavyosalimiana, mwanaharamu weye umelala wapi, na wanacheka wanapeana sigara. Watani hao. Mtu na mtaniwe, babu na mjukuu, shemeji na shemeji, hapo ukimnyima tusi lake ndio umemvunjia heshima, atauliza nimekukosea nini. Lakini utani una mipaka yake, na mpaka wenyewe hautembei na kitambulisho. Nimeona kesi mshtakiwa anasema huyu mtani wangu, mlalamishi anasema alikuwa, tangu ule mwaka alioniuzia ng'ombe mgonjwa si mtani wangu tena. Sasa nani ataamua utani ulikufa tarehe ngapi?

Wanyama pia. Lamu punda wako kila kichochoro, wanabeba mchanga, wanabeba mawe, kumwita mtu punda pale ni kama kumwambia umebebeshwa, anaudhika kidogo inapita. Mbwa ni habari nyingine. Sisi wengi hapa ni Mashafii, mate ya mbwa yakigusa chombo unaosha mara saba na moja iwe kwa udongo. Kwa hivo anayekwambia mbwa weye amekwambia kukugusa tu ni kazi ya kuoga. Nikalitafsiri hilo kwa hakimu mmoja ambaye nyumbani ana mbwa wawili anawapenda kama watoto. Akaandika. Sijui aliandika nini moyoni.

Na msinambie hili ni la watu wa mtaani tu. Madoadoa ni neno la chui na nguo iliyomwagikiwa, lakini 2022 liliwekwa na Tume ya Uwiano na Utangamano kwenye orodha ya maneno ya chuki, kwa sababu watu wa Bonde la Ufa walijua linasemwa juu ya nani, wale wa makabila mengine wanaoishi kwao. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, faini mpaka shilingi milioni moja ama kifungo mpaka miaka mitatu. Huku kwetu tunayo yetu tunayoyafumbia macho. Nyika ni pori tu, si ndio? Mwite Mgiriama wa Malindi Mnyika halafu umwambie ulimaanisha pori. Jina Mijikenda lenyewe, la makabila tisa ya pwani, Wagiriama wakiwemo, lilishika miaka ya 1940, wenyewe walikuwa wamechoka kubandikwa hilo la Nyika. Mtumwa je? Utumwa ulifutwa pwani hii 1907 na bado nasikia mtu akikasirishwa na deni la mia mbili anamtajia mwenzake babu yake alilima shamba la nani.

Sasa niseme ukweli wangu ambao kwenye semina za ukalimani siusemi. Mara nyingine nimechagua. Unasimama pale, una sekunde mbili, "mshenzi" ulitie moto gani kwa Kiingereza? Liko la mama kumwambia mtoto aliyemwaga chai, liko la kumwambia mtu hujastaarabika na kwenu hakujastaarabika. Sauti ilishapotea, tukio lilikuwa Machi na leo ni Novemba, shahidi analirudia kwa unyonge kama anasoma hadithi. Nimewahi kulitia moto mtu akapigwa faini, nikatoka nje nikajiuliza, hivi lilikuwa lile au lile? Wa kisu naye mpaka leo sijui kama ningesema zaidi ya nilivyosema ingemsaidia, au ningefukuzwa mimi na yeye afungwe vilevile.

Shangazi sasa. Mwezi uliopita nimeenda nyumbani Lamu, wamekosana na jirani juu ya mtaro. Hawatukanani, hasha, wanaamkiana vizuri tu. Ila shangazi kaanika leso, leso kavu nakwambia, haijaona maji, imekaa kwenye kamba siku ya tatu na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, limeelekezwa sawasawa na mlango wa jirani: Hasidi hana sababu. Nikamwambia shangazi, toa ile leso. "Kwani nimesema neno gani baya mwanangu?" Jirani mwenyewe akanisimamisha kichochoroni, sheikh wewe ndio mtu wa mahakama, nitafsirie, ile leso yanambia nini?

Nikamwambia ni leso tu bi, imeanikwa ikauke.