Kumbukumbu Mbili za Meli Moja: Wamaori na Kapteni Cook

Oktoba 1769, meli ya Endeavour iliyoongozwa na baharia Mwingereza James Cook ilitia nanga Tūranganui-a-Kiwa, mashariki mwa Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi. Katika siku chache Wamaori kadhaa, wenyeji wa nchi hiyo, waliuawa kwa risasi, wa kwanza wao akiwa Te Maro. Cook naye, kwa kukosa mahitaji aliyoyatafuta, aliipa ghuba hiyo jina la Ghuba ya Umaskini. Ramani za Ulaya zilihifadhi jina hilo, ilhali wenyeji walihifadhi kumbukumbu za marehemu wao, na mwaka 2019 mwakilishi wa Uingereza alifika huko kueleza masikitiko ya serikali yake.

Mwezi uliofuata meli ilifika Whitianga, ambako mtoto aliyeitwa Te Horeta Te Taniwha aliiona. Masimulizi yake yaliandikwa uzeeni mwake, takriban miaka 80 baadaye. Wamaori hupiga kafi wakitazama mbele, lakini mabaharia wale walivuta makasia huku wakiipa pwani kisogo, na wazee wakahitimisha kwamba wageni hao ni viumbe wa ajabu wenye macho kisogoni. Huo haukuwa ujinga, kama wasomaji wa leo wanavyoharakisha kusema. Ni hitimisho la watu wa bahari waliotazama kwa makini. Cook alimpa mtoto huyo msumari, naye akautumia kama ncha ya mkuki na kutobolea mbao za mtumbwi, hadi siku mtumbwi ulipopinduka na msumari huo ukapotea baharini.

Tukio moja limesimuliwa na pande zote mbili. Tarehe 9 Novemba, Cook akiwa nchi kavu kuangalia sayari ya Zebaki ikipita mbele ya Jua, Mmaori mmoja alipokea kitambaa kwa ahadi ya kutoa joho la ngozi ya mbwa, kisha akaondoka navyo vyote viwili. Luteni John Gore alimpiga risasi, akafa. Cook aliandika kwamba adhabu hiyo ilizidi kosa. Te Horeta anaongeza jambo lisilokuwamo katika daftari la Cook: jamaa za marehemu walijadiliana, wakaona amejitakia mwenyewe, wakaamua kutolipiza kisasi, na kile kitambaa kikawa sanda yake. Anayesoma daftari peke yake atadhani kwa urahisi kwamba utulivu uliofuata ulitokana na hofu ya bunduki, kumbe uliamuliwa katika kikao ambacho hakuna Mwingereza aliyekihudhuria.