Haidrojeni Itue Upande Gani?

Atomu mbili za kaboni zikishikana kwa kifungo maradufu, sehemu hiyo ya molekuli huwa bapa kama karatasi. Haidrojeni ikija, inaweza kutua juu au chini. Katika kutengeneza dawa, mara nyingi upande itakaotua ndio unaoamua kama utapata molekuli unayoitaka au pacha wake, anayefanana naye kama mkono wa kushoto unavyofanana na wa kulia. Unga wa kawaida wa paladiamu, metali inayotumika kama kichocheo cha kuharakisha kazi hii, haubagui upande. Kwa kawaida unapata nusu kwa nusu.

Chukua levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Kimeng'enya kinachoigeuza kuwa dopamini hukubali pacha mmoja tu. Wa pili hatibu, kwa hiyo itabidi atenganishwe, na malighafi yake imeshatumika.

Mwaka 1968, William Knowles wa kampuni ya Monsanto, Marekani, alitumia kichocheo cha rodiamu cha aina aliyoibuni Geoffrey Wilkinson, lakini akabadilisha fosfini (molekuli zenye fosforasi) zinazoizunguka metali: akaweka zenye umbo la mkono mmoja. Matokeo ya kwanza yalikuwa hafifu, ziada ya asilimia 15 tu, yaani kama 57.5 kwa 42.5. Wengi wangefunga daftari. Yeye na wenzake waliendelea kubadilisha fosfini hadi wakapata DIPAMP, iliyofikisha ziada ya asilimia 95, na levodopa ikatengenezwa kiwandani kwa njia hiyo. Ryoji Noyori wa Japani alipanua uwanja kwa ruteniamu na fosfini iitwayo BINAP. Mwaka 2001 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Barry Sharpless.

Ungedhani molekuli hujipachika kwenye kichocheo kama ufunguo kwenye kufuli, na mkao unaokaa vizuri zaidi ndio unaotoa zao. Mwanakemia Jack Halpern alionyesha kinyume chake. Kwenye mmumunyo wa rodiamu, mkao unaoonekana kwa wingi ni mvivu: umetulia mno, hauikimbilii haidrojeni. Ule mchache, ambao ni vigumu hata kuugundua, ndio unaofanya karibu kazi yote, na kila ukipungua, ule mwingi hubadilika kuujaza. Ndiyo maana fundi anayefungua valvu ya haidrojeni zaidi ili awahi kumaliza anaweza kuharibu kazi: presha ikipanda, mkao mvivu hukamatwa kabla haujabadilika, na pacha asiyetakiwa huongezeka.

Hewa nayo ni adui, kwani oksijeni huharibu fosfini nyingi. Chombo husafishwa kwanza kwa naitrojeni, ndipo haidrojeni inaingia, na unaangalia mshale wa presha ukishuka taratibu.

Kwa metolaklori, dawa ya kuua magugu, kiwanda hutumia iridiamu: atomu moja ya metali huhudumia zaidi ya molekuli milioni moja. Pacha hutoka kama 90 kwa 10, uwiano ambao kwa levodopa usingekubalika, lakini shambani unatosha.