Suruali za Kuazima Ukutani mwa Papa

Wanafunzi wangu hapa Dodoma wakioneshwa picha ya mtu aliye uchi, swali la kwanza huwa lilelile: mbona hawakumvika nguo? Walimvika, tena si mara moja.

"Hukumu ya Mwisho" aliichora msanii Mwitaliano Michelangelo huko Vatikani, kati ya 1536 na 1541, kwenye ukuta wa altare ya Kikanisa cha Sistina. Mamia ya watu, wengi bila hata kitambaa. Biagio da Cesena, mkuu wa itifaki wa Papa, alilalamika kwamba picha ile inafaa bafuni au kilabuni. Michelangelo akamchora kuzimu, ana masikio ya punda, nyoka anamng'ata sehemu za siri. (Wasanii wana kisasi chao.) Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipokataza picha takatifu zenye ashiki mwaka 1563, kazi ya kuwafunika viuno ikamwangukia mchoraji Daniele da Volterra mwaka 1565. Warumi wakambandika jina Braghettone, fundi suruali. Nguo ya kuazima haisitiri matako: leo vitambaa vyake ndivyo vinavyolivuta jicho kwanza.

Ila sehemu moja Daniele hakuridhika na kitambaa. Mtakatifu Katarina alikuwa uchi, ameinama, na Mtakatifu Blasi yuko nyuma yake, naye ameinama. Ukimtazama kila mmoja peke yake, huoni cha kukushtua. Ukiwatazama pamoja, wewe ndiye unayekamilisha kisa. Daniele alibandua plasta, akamchora Katarina upya na gauni, na kichwa cha Blasi akakigeuzia kwa Kristo. Mafundi waliosafisha ukuta miaka ya 1990 waliondoa baadhi ya vitambaa vya baadaye, vya Daniele wakaviacha.

Kwangu hapo ndipo penye somo, na Kondoa, mkoani Dodoma, tunalo letu. Kwenye majabali ya Kolo, urithi wa dunia tangu 2006, kuna watu watano wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wa katikati anashikwa huku na huku. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya huko mwaka 1951, aliona mwanamke anayenyakuliwa. Watafiti wengine wanaona mtu aliyepandwa na maruhani katika ngoma ya uponyaji, anashikwa asianguke, kama katika simbo, ngoma ya namna hiyo ya Wasandawe. Mistari ni ileile. Mimi naegemea kwa hao wa pili, lakini wageni wengi huondoka na hadithi ya utekaji tu.

Wanafunzi nikiwafikisha Kolo, nawataka kwanza wachore wanachokiona, kimya. Ubishi huanza wakilinganisha madaftari.